UZI: "Jenereta iko." Sawa. Ilijaribiwa lini?

1/ Wadau wa siasa mtandaoni, leo naomba mnivumilie na uzi mrefu kidogo. Kila stima ikipotea nchi nzima, mjadala wetu hugawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema ni hujuma. Nyingine inasema ni uzembe, fulani ajiuzulu. Nimefuatilia mijadala hii kwa miaka, nikiwa hapa Kaaga, Meru, na naona kuna swali moja ambalo kambi zote mbili huliruka. Swali lenyewe ni la kalenda: huu mtambo wa kutuokoa ulijaribiwa lini mara ya mwisho, na siku hiyo ulifaulu au ulifeli?

2/ Tuanze hapa. Kuna mitambo ya aina mbili. Ya kwanza hufanya kazi kila siku: posho mill, pampu ya maji, basi la kwenda Nairobi. Ikiharibika unajua saa hiyo hiyo, kwa sababu kazi inasimama. Ya pili hukaa ikingoja siku mbaya: jenereta ya hospitali, valvu ya usalama ya boila, kengele ya moto, relei ya kukata stima laini ikizidiwa. Hii ya pili inaweza kufa leo na usijue kwa miaka mitatu. Haipigi kelele. Taa yake ya kijani inaweza hata kuwa inawaka. Utajua imekufa siku ile unaihitaji.

3/ Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini methali inadhani ufa unaonekana. Hitilafu ninayozungumzia ni ufa ulio nyuma ya plasta. Mafundi wanaiita hitilafu fiche. Njia ya kuipata ni moja: ulazimishe mtambo ufanye kazi yake kabla siku mbaya haijafika. Hilo ndilo jaribio la kuthibitisha, na lina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

4/ Ilianza na mvuke. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza chungu cha mvuke karibu mwaka 1679. Baada ya muda akakiwekea valvu: mvuke ukizidi, valvu inajifungua na chungu hakipasuki. Wazo zuri. Lakini karne moja na nusu baadaye, boila za Uingereza zilikuwa bado zinalipuka na kuua wafanyakazi, na nyingi zilikuwa na valvu. Zingine valvu zimeshika kutu. Zingine mwendeshaji ameongeza uzito juu ya valvu ili apate nguvu zaidi. Valvu ilikuwepo, lakini haikuwa inafanya kazi.

5/ Mwaka 1854, wenye viwanda wa Manchester wakaunda chama cha kukagua boila kwa vipindi maalum. Hapo ndipo fikra ilipobadilika. Kabla ya hapo swali lilikuwa "una valvu?" Baada ya hapo likawa "imekaguliwa lini?" Wazo hilo likaingia kwenye sheria za viwanda za Waingereza, na miaka ya mwanzo ya 1950 likaletwa hapa Kenya na sheria ya viwanda ya kikoloni. Leo liko ndani ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Kwa mfano, sheria hiyo inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6.

6/ Hii si habari ya Manchester peke yake. Viwanda vyetu vya chai huku milimani, Imenti, Githongo, Kionyo na vile vya upande wa Embu, vinakausha majani kwa mvuke wa boila. Mkulima anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia hafikirii valvu ya boila, na hana sababu ya kuifikiria. Anatulia kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, ambaye ni lazima aijaribu na aandike tarehe. Akiacha kuandika, boila haitalipuka kesho. Pengine haitalipuka mwaka huu. Shida ndiyo hiyo hasa: uzembe wa aina hii hauna adhabu ya haraka.

7/ Karne ya 20 ikaleta stima, kemikali, mafuta, halafu nyuklia. Ulinzi ukahama kutoka kwa chuma kinachoonekana, ukaingia kwenye waya, relei na vipimo. Huwezi tena kuuangalia kwa macho ukajua. Wahandisi wa Uingereza wa viwanda vya kemikali na nyuklia wakaanza kuuliza swali kwa hesabu: ulinzi huu hukaa sehemu gani ya maisha yake ukiwa umekufa bila sisi kujua? Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiria. Twende pamoja.

8/ Chukua jenereta ya akiba. Tuseme, kwa mfano tu, kwa wastani inapata hitilafu fiche mara moja kwa miaka 20. Ni mashine nzuri hiyo. Ukiijaribu mara moja kwa mwaka, hitilafu inaweza kuanza siku yoyote kati ya majaribio mawili. Kwa hivyo, kwa wastani, itakaa nusu mwaka kabla ya kugunduliwa. Nusu mwaka katika miaka 20 ni 1 kwa 40. Yaani stima ikipotea usiku wowote, kuna nafasi 1 kati ya 40 kwamba jenereta hiyo haitawaka.

9/ Sasa ijaribu kila mwezi. Hitilafu itakaa nusu mwezi kwa wastani, na miaka 20 ni miezi 240. Nafasi inakuwa 1 kwa 480. Halafu ijaribu kila baada ya miaka 5: hitilafu inakaa miaka miwili na nusu, nafasi inakuwa karibu 1 kwa 8. Mashine ni ile ile. Fundi ni yule yule. Hakuna tenda mpya wala utepe wa kukatwa. Kilichobadilika ni kalenda peke yake, na hatari imeruka mara 60.

10/ Rudia kusoma hiyo namba 9, kwa sababu hapo ndipo siasa inaingia. Mheshimiwa akisimama kwenye jukwaa aseme "tumenunua jenereta mpya ya kisasa," amekupa nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni muda kati ya majaribio, na hiyo haipigwi picha. Mashine ya bei kali isiyojaribiwa inaweza kuwa hatari kuliko mashine ya wastani inayowashwa kila mwezi.

11/ Mtu atasema: basi nunua mbili! Sawa, mbili zinasaidia. Kwenye karatasi, jenereta mbili za aina hiyo zikijaribiwa kila mwaka, nafasi ya zote kukataa pamoja inashuka chini ya 1 kwa 1,000. Lakini uliza: zinanywa dizeli kutoka tenki moja? Zinawashwa na betri za umri mmoja? Zinapitia swichi moja ya kuhamisha mzigo? Ikiwa hata hitilafu 1 kati ya 10 inagonga zote mbili kwa pamoja, unarudi karibu 1 kwa 400. Maji machafu kwenye tenki moja la dizeli hayajali una jenereta ngapi.

12/ Hesabu hizi zilipata nyumba rasmi mwaka 1998, wakati kiwango cha kimataifa cha IEC 61508 kilipoanza kutolewa. Kinapanga ulinzi wa viwandani katika ngazi nne. Kwa ulinzi unaoitwa mara chache, ngazi ya kwanza ni ule unaofeli kati ya mara 1 kwa 10 na 1 kwa 100 unapoitwa. Ngazi ya pili ni kati ya 1 kwa 100 na 1 kwa 1,000. Kuna masharti mengine mengi, lakini kwa hesabu hii peke yake, jenereta yetu ya mfano iko ngazi ya kwanza ikijaribiwa kila mwaka, na ngazi ya pili ikijaribiwa kila mwezi. Yaani muda kati ya majaribio ni sehemu ya mtambo, kama vile betri ilivyo sehemu yake.

13/ Na kujaribu pia ni kazi, inaweza kufanywa vibaya. Tarehe 11 Desemba 2005, bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini ya London, ililipuka. Tenki la petroli lilikuwa linajazwa, kipimo cha kiwango kikakwama, na petroli ikaendelea kuingia. Kulikuwa na swichi ya pili, huru kabisa, ya kusimamisha kila kitu tenki likijaa. Haikufanya kazi. Swichi hiyo ilikuwa na mkono wa kufanyia majaribio, na mkono huo ulihitaji kufuli ndogo ya kuushikilia mahali pake. Kufuli haikuwekwa. Watu 43 waliumia, na ni bahati tu kwamba ilikuwa Jumapili alfajiri. Swichi ilikuwepo, majaribio yalikuwepo, lakini waliokuwa wanaitumia hawakuelewa kazi ya kufuli.

14/ Sasa turudi nyumbani. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, huku upande wa Embu. Akaangukia transfoma. Kwa maelezo ya KenGen yenyewe, transfoma ilijitoa, mashine zingine za kituo zikazidiwa na mzigo na kujitoa pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, akakabidhiwa shirika la wanyamapori. Mtandao ukacheka wiki nzima. Hata mimi nilicheka.

15/ Lakini angalia kilichofichwa na kicheko. Transfoma kujitoa ikiguswa si kosa, huo ni ulinzi ukifanya kazi. Swali ni la hatua inayofuata. Gridi ikipoteza kituo kikubwa ghafla, kuna ulinzi mwingine unaopaswa kukata baadhi ya wateja haraka ili wengine wabaki na stima. Relei hizo hukaa kimya miezi na miaka zikingoja sekunde chache. Uliona nani kwenye mjadala wa 2016 akiuliza zilijaribiwa lini, na majibu yalikuwa gani? Sisi tulimjadili tumbili.

16/ Ruka hadi Ijumaa 25 Agosti 2023. Usiku, stima ikapotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una jenereta za akiba. Moja ikakataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani wakipiga picha kwa simu. Dunia nzima ikaziona picha hizo. Muda mfupi baadaye mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Tarehe 11 Novemba giza likarudi. Tarehe 10 Desemba likarudi tena, na safari hii ukatoka wito rasmi kwamba polisi wachunguze kama kuna hujuma.

17/ Sisemi hakukuwa na hujuma, na sisemi aliyeondolewa hakustahili. Hayo si yangu kuamua. Ninachosema ni kwamba majibu yote mawili, hujuma na fukuza, yanaacha swali la kalenda palepale lilipokuwa. Ukimfukuza mtu, jenereta haijajaribiwa. Ukimkamata mtu, jenereta haijajaribiwa. Bosi mpya anarithi mashine ile ile na daftari lile lile, na kama daftari halina tarehe, anarithi giza linalofuata.

18/ Hapa sasa ndipo penye uchungu wa jambo hili, na ndiyo sababu nimeandika uzi huu. Fikiria mameneja wawili. Wa kwanza anajaribu jenereta kila mwezi, kwa mzigo kamili, na anaandika ukweli. Kwa miaka michache daftari lake lina mistari mitatu mekundu: ilikataa kuwaka, betri ilikuwa imekufa, swichi ilikwama. Wa pili hajaribu, au anaiwasha dakika tano bila mzigo na kuandika "iko sawa." Daftari lake ni safi kama sahani ya mgeni.

19/ Mbele ya kamati, au hapa mtandaoni, nani ataonekana mzembe? Yule wa kwanza! Tutapiga picha mistari mekundu, tutaweka hashtagi, tutasema amefeli mara tatu. Wa pili tutamsifu mpaka usiku stima itakapopotea. Kumbe mistari ile mitatu ni mara tatu ambazo hitilafu iligunduliwa mchana, na fundi akiwa tayari na spana, badala ya usiku na mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Sisi wafuatiliaji wa siasa ndio tunaowafundisha mameneja kuweka daftari tupu.

20/ Kuna hoja ya haki upande wa pili, na tusiikwepe. Kujaribu kunagharimu. Jenereta kubwa inakunywa dizeli. Ukiijaribu kwa mzigo kamili, unakata stima kwa makusudi, na huenda uwanja wa ndege ukakwama mchana wa Jumanne kwa sababu yako wewe. Ukijaribu kupita kiasi unachosha mashine, na kila jaribio ni nafasi ya kusahau kufuli kama Buncefield. Kwa hivyo jibu si "jaribu kila siku." Jibu ni: muda uchaguliwe kwa hesabu, uandikwe, na anayeuongeza aeleze kwa nini. Bajeti ikipunguzwa na jaribio la mwezi likawa la mwaka, hiyo si akiba peke yake. Mtu ameongeza hatari mara 12, na hakuna aliyepiga kura.

21/ Ukitaka kuona jambo hili bila jenereta wala relei, fikiria mlango wa dharura wa bweni. Usiku wa 26 Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa kwenye moto wa bweni la Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kwenye ramani ya jengo, mlango ulikuwepo. Mwaka 2008 wizara ikatoa mwongozo wa usalama wa shule: milango pande zote mbili, mlango wa dharura, madirisha bila vyuma. Mwongozo mzuri. Lakini karatasi haifungui mlango. Mlango wa dharura ambao haujawahi kufunguliwa usiku, gizani, na watoto wote wakiwa ndani, ni mchoro wa mlango ukutani.

22/ Hapa Kaaga tumezungukwa na shule. Mzazi akienda mkutanoni huonyeshwa bweni jipya na kizima-moto chekundu ukutani. Afadhali aulize jambo moja dogo: zoezi la mwisho la kutoka usiku lilikuwa tarehe gani, na lilichukua dakika ngapi? Mwalimu mkuu akisema "lilichukua muda mrefu, mlango wa nyuma ulikwama, tukaurekebisha," huyo mpe heshima yake. Akisema "hatujawahi kupata shida yoyote," hapo ongeza maswali.

23/ Kwa hivyo mjadala ukija tena, na utakuja, nawaachia maswali matano ya kumwuliza mheshimiwa yeyote, wa upande wowote:
– Ulinzi huu ulijaribiwa lini mara ya mwisho?
– Ulijaribiwa kwa mzigo kamili au uliwashwa tu?
– Katika miaka mitano umefeli majaribio mangapi, na kila mara kilirekebishwa nini?
– Ule wa pili wa akiba unatumia nini sawa na wa kwanza: tenki, betri, swichi, fundi?
– Nani ana mamlaka ya kuahirisha jaribio, na ameahirisha mara ngapi?

24/ Na huhitaji kuwa mbunge kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Andika barua kwa hospitali ya kaunti yako, omba nakala ya daftari la majaribio ya jenereta ya chumba cha upasuaji. Ukiletewa daftari lenye mistari mekundu na marekebisho chini yake, tafadhali usilikimbize mtandaoni kama kashfa. Shukuru. Ukiletewa daftari safi kabisa la miaka mitano, au ukiambiwa halipo, hapo ndipo pa kupigia kelele, kabla stima haijapotea.